Chozi kajenga kwenye waya wa taa ya baraza, na fundi rangi anakuja Jumatatu

bustani_kigamboni
Wakuu habari za leo, naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumegawanyika. Kama wiki tatu nyuma nilikuwa naona chozi, kale kandege kadogo mdomo umepinda, kanaingia barazani na kutoka, nikajua kanafuata maua ya mgomba tu, kumbe kanabeba utando wa buibui kanauzungushia kwenye waya wa balbu! Yaani siku nane hivi kikaning'inia kiota kama kibuyu, kimeshonwa kwa majani makavu na nyasi na usufi ndani, mlango uko ubavuni na juu yake kuna kapaa kadogo ka kuzuia mvua. Jike ndo alijenga peke yake mwanzo mwisho, dume lile jeusi la kifua chekundu kazi yake kuimba juu ya antena. Sa hivi jike anatamia, ukipita unaona kamdomo tu kametokeza mlangoni.

Sasa mume wangu kashanunua rangi na fundi anakuja Jumatatu, anasema tukate waya taratibu tukakining'inize kwenye mwembe, ni mita sita tu. Mimi roho inakataa kabisa. Afu kunguru nao wameanza kutua ukutani. Hivi nikihamisha ataendelea kutamia? Na atakaa siku ngapi mpaka amalize?

ndege_wa_moro
Dada usihamishe, tafadhali sana. Ndege anakumbuka mahali, akirudi akakuta pale pako wazi atazunguka zunguka hapohapo barazani na mayai yatapoa mwembeni huku mnamuangalia. Chozi kwa kawaida anataga mayai mawili, anatamia siku 13 mpaka 15, makinda nao wanakaa kiotani siku 15 mpaka 20 hivi. Kama kaanza kutamia siku kumi nyuma basi amebakiza kama wiki tatu, zikizidi kidogo ni siku chache. Mwambie shemeji nyumba ina pande nne, fundi aanzie nyuma na vyumbani, baraza iwe ya mwisho. Hapo kwenye baraza tatizo si rangi peke yake, ni ngazi na kule kukwangua ukuta siku nzima, jike akikaa nje muda mrefu mayai yanaharibika. Na hiyo taa msiwashe, tumieni nyingine.

wa_likoni
Mimi niko Mombasa na nakuambia dadangu, hao kunguru usiwachukulie mzaha, wale wenye shingo ya kijivu. Hawa si wa kwetu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India eti wale taka, wakavuka bara na sasa pwani yote ni yao, mayai wanakula, makinda wanakula, mpaka vifaranga vya kuku. Mwaka jana chozi alijenga kwenye kamba yangu ya nguo, nikaacha kuanika pale mwezi mzima, makinda wakaota manyoya vizuri kabisa, siku moja nimeparua samaki nikaacha ndoo ya matumbo wazi uani, kunguru wakaja kwa ajili ya ile ndoo wakakiona kiota. Nilirudi nikakuta usufi umetapakaa chini. Sijasahau mpaka leo. Funika taka, usimwage mabaki ya chakula uani, na usimwinulie macho yule ndege kila saa maana kunguru anaangalia wewe unaangalia wapi.

nyanya_na_mchicha
Naongezea hapo. Watu wanasema ukigusa kinda mama yake anasusa kwa sababu ya harufu ya mkono, si kweli, akianguka mrudishe tu kiotani. Kinachomkimbiza mama ni kusumbuliwa sana, hasa wakati anajenga na siku za mwanzo za kutamia. Na wakishaota manyoya usichungulie kabisa, wataruka kabla ya wakati kwa woga.

Halafu chunguza kitu kimoja, kuna kekeo mdogo, mgongo kijani unang'aa tumbo jeupe, anataga kwenye viota vya chozi. Kinda wake akianguliwa anasukuma mayai na makinda ya chozi nje. Ukikuta yai limedondoka chini ya kiota halafu ndani kabaki kinda mmoja anayejaza kiota chote, ndo huyo. Mimi ilinitokea Tanga, mama chozi analisha kinda kamzidi yeye mwenyewe ukubwa, nililia jamani, lakini nilimuacha, naye ni ndege.

bustani_kigamboni
Asanteni sana, narudi na mrejesho. Mume wangu alisoma haya majibu mwenyewe, fundi akaanzia jikoni, na pipa la taka limepata mfuniko. Walianguliwa wawili, uchi kabisa macho yamefumba, wa kwao wote maana midomo ilianza mifupi ikawa inapinda siku hadi siku. Dume naye alianza kuleta wadudu na buibui, na kumbe uchafu wa makinda unatoka kama kifuko cheupe, mama anakidaka anaenda kukitupa mbali, ndo maana chini ya kiota pasafi muda wote.

Juzi asubuhi kaondoka wa kwanza, wa pili kafuata mchana, nikajua basi imeisha. Saa kumi na mbili jioni nasikia kelele barazani, wote wawili wamerudi wanasukumana mlangoni waingie kulala. Fundi tumemwambia asubiri kwanza.