"INAINGIA" SIYO KIPIMO! Nimechoka kubahatishiwa metali za konrodi

Wakuu salaam. Nimeandika huu uzi mara mbili nikaufuta kwa sababu ya matusi. Huu wa tatu nimejitahidi.

Krenki yangu (ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) iko juu ya benchi wiki ya saba sasa, imepakwa grisi na kuviringishwa kwenye shuka kuukuu utadhani marehemu anayesubiri ndugu wa mbali. Haina ugonjwa tena. Imesagwa vizuri, shingo zote nne zinang'aa. Kinachokwamisha ni vipande vinane tu vya nusu duara, metali za konrodi, zile zinazokaa kati ya shingo ya krenki na konrodi, mkono unaoishika pistoni, basi.

Injini ni ya zamani na aliyeiunda aliacha kutoa spea zake kitambo. Hilo silalamiki, nilinunua gari kuukuu nikijua ni kuukuu. Injini gani? SITAJI, na ni makusudi. Kila nilipotaja jina nimepewa majibu ya jina: "ahaa hiyo, chukua za ile nyingine, ni ndugu moja, inaingia." Nani kapima? Hakuna. Kila mtu kasikia kwa fundi fulani.

Undugu wa injini siyo undugu wa shingo za krenki. Chukueni ile V8 ndogo ya Chevrolet, 327. Shingo ya konrodi ya 1967 ni inchi 2.000. Ya 1968 ni inchi 2.100. Injini ileile, jina lilelile, mwaka mmoja tu umepita, na metali haziingiliani. Sasa wewe unaniambia "ni ndugu moja".

Nirudi kwenye mkasa wenyewe. Injini ilianza kugonga ikiwa ya moto, ule mlio mzito wa chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta. Nikazima hapohapo. Kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inametameta kama imemwagiwa poda ya urembo. Metali ya silinda ya pili ilikuwa imeshavuka ile ngozi laini ya juu, shaba nyekundu imetokeza upande mzima. Kwa wasiojua, ngozi ile kwenye metali za aina hii ni kama 0.02 ya mili (milimita) tu, halafu ndiyo tabaka la shaba, halafu mgongo wa chuma. Ukiona wekundu, jua umechelewa.

Krenki ikaenda kusagwa, ikashuka saizi ya 0.50, yaani karibu nusu mili chini ya kipimo cha awali. Shingo ilikuwa mili 48, sasa inasoma 47.48. Tundu la konrodi nimelipima kwa maikromita ya ndani, kofia (nusu ya chini ya tundu hilo) ikiwa imekazwa kwa toki yake, yaani nguvu yake maalumu ya kukazia: 51.005. Kwa hesabu hiyo nahitaji metali yenye unene wa karibu 1.745 katikati, ili uwazi wa oili, nafasi kati ya metali na shingo, ubaki kama 0.035. Namba hizi nilimtumia muuzaji kwa maandishi, mstari kwa mstari. Akajibu: "Tunazo mkuu, ni zenyewe."

Boksi likafika. Nje limeandikwa 0.50, muhuri safi, karatasi ya nta ndani. Nikatoa ya kwanza, nikaweka maikromita yenye kichwa cha mviringo (ile ya kichwa bapa inadanganya kwenye mkunjo, msiitumie). Inasoma 1.71. Ya pili 1.71. Zote nane hivyohivyo. Upana nahitaji 19.5, hizi ni 17. Na ulimi, kile kipande kidogo kinachochomoza ukingoni, uko upande wa pili.

Nikasema labda mimi ndiye nimekosea. Nikafunga moja bila kujali ulimi, nikaweka uzi wa plastigeji (uzi laini unaobanwa ukawa bapa, kadiri uwazi ulivyo mdogo ndivyo unavyosambaa) juu ya shingo, nikakaza kwa toki, nikafungua. Ule uzi haukusambaa, ulibaki mwembamba kama jinsi ulivyoingia. Uwazi wa 0.10 na ushee! Mara tatu ya unaotakiwa.

"Sasa 0.07 ya mili ni nini?" Hilo ndilo jibu nililopewa, na ndilo lililonileta hapa. 0.07 ni kila kitu. Oili inayovuja pembeni ya metali haiongezeki sawasawa na uwazi, inaongezeka kwa mchemraba wake. Uwazi ukiwa mara mbili, uvujaji unakuwa kama mara nane. Mara tatu, piga hesabu mwenyewe. Pampu gani ya injini ya zamani itajaza shimo hilo? Taa ya oili itawaka ukisimama kwenye foleni tu, na ule mlio wa kugonga utarudi kabla sijamaliza hata lita za kwanza za oili mpya.

Halafu zikaja tiba. Hapa ndipo nilipotaka kuvunja simu. Wa kwanza: "Weka karatasi ya bati nyuma ya metali, itajaa." Wa pili: "Piga tupa kofia za konrodi kidogo, zitabana." Wa tatu, huyu ni fundi wa miaka mingi na ninamheshimu kama kaka: "Ulimi ukikataa, ukate tu."

Kaka, la ulimi sikukatalii sana. Ulimi kazi yake ni kukuonyesha mahali pa kuweka, kinachoshika metali isizunguke ni ule mbano, kwa kuwa kila nusu imezidi nusu duara kidogo na ukikaza kofia zinasukumana. Kuna injini za siku hizi metali zake hazina ulimi kabisa. Ila bati nyuma? Joto la metali linatoka kupitia mgongo wake kwenda kwenye konrodi, wewe unaweka pazia katikati. Na kupiga tupa kofia ni kuligeuza tundu kuwa yai. Hata ukipata metali sahihi kesho, huna tena pa kuziweka.

Nisionekane kwamba nachukia metali mbadala. Kuazima metali ya injini nyingine ni ufundi halali na wa siku nyingi. Wacheza mbio Marekani walikuwa wakisaga krenki za Chevrolet hadi kipimo cha shingo za Honda, inchi 1.888, kwa hiari yao, ili kupunguza msuguano. Krenki za Volkswagen ya mgongo wa kobe zenye mkono mrefu zinauzwa na shingo za kipimo cha Chevrolet. Lakini wale walianza na namba. Walitafuta metali yenye tundu na unene unaofaa, ndipo wakasaga krenki iifuate. Sisi tunasaga kwanza, halafu tunapiga simu kuuliza nani ana nini. Na mimi nimo humo, nilisaga kabla sijashika metali mkononi. Kosa hilo ni langu, nalikubali hapa mbele yenu.

Muuzaji kwa sasa hapokei simu. Kwa haki tu niseme: alipodai 0.50 ya mili na 0.020 ya inchi ni kitu kimoja alikuwa karibu na ukweli, tofauti ni 0.008. Huo ndio ukweli pekee niliopata kwake.

Basi ninachotafuta ni hiki. Tundu 51.00, shingo 47.48, unene 1.74 hadi 1.75, upana 19 hadi 19.5. Tundu la oili kwenye nusu ya juu, na kama halipo nitatoboa. Upana ukizidi kidogo nitapunguza, mradi usiguse mkunjo wa pembeni ya shingo. Nipo tayari kushuka tena hadi 47.25 au 47.00 kama kuna metali za uhakika za saizi hizo, krenki bado ina nyama. Ningependa zile zenye tabaka laini la zamani kuliko za aluminiamu ngumu, maana vumbi la chuma bado limejificha kwenye njia za oili hata baada ya kuosha mara nne, na metali laini inalimeza badala ya kulikwaruzisha kwenye shingo.

Mwenye metali mkononi na maikromita mkononi aandike namba. Mwenye "nadhani" apumzike.

Nyongeza: Mkuu uliyesema "taja injini tukusaidie", wewe ni wa nne sasa. 51.00.

Nyongeza ya pili: Kuna mdau kanitumia picha ya metali ya injini ya trekta dogo ikiwa ndani ya maikromita, inasoma 1.99. Nimerudia hesabu mara tatu. Inataka shingo ya 46.99, yaani saizi ya 1.00. Upana 19. Mdau, tafadhali pima na zile saba zilizobaki, moja moja, uniandikie.