Mafundi wa vyumba vya sinema, kwa nini mnabandika sponji bila kupima chumba?

Wakuu, nimevumilia miezi minne tangu fundi anifungie spika za sinema nyumbani, leo natema nyongo. Uzi ni mrefu, lakini najua humu ndani kuna watu wanaojiandaa kumwita fundi wa aina hii hii, kwa hiyo someni.

Juzi nilikuwa natafuta waya kwenye boksi la risiva, ile mashine inayoendesha spika zote. Chini kabisa, chini ya kitabu cha maelezo, nikakuta maikrofoni ya kupimia chumba. Imo kwenye nailoni yake, waya umeviringishwa na kukazwa na kile kifungo cha plastiki cha kiwandani, haujawahi kunyooshwa hata mara moja. Fundi alikaa nyumbani kwangu siku tatu. Kwenye karatasi ya malipo aliandika kabisa "usanifu wa sauti". Kifaa pekee cha kupimia kilichokuwamo ndani ya nyumba hakukitoa hata kwenye mfuko! Nilikaa chini sakafuni na ile maiki mkononi, mwili unatetemeka kwa hasira.

Chumba changu kina vituko, sikatai. Urefu mita 5.1, upana mita 3.4, dari mita 2.6. Kulia kuna dirisha kubwa la kioo. Kushoto ukuta unafika katikati, halafu ni wazi, unatokea kwenye korido. Kona ya mbele kulia kuna mlango wa stoo unaofungukia ndani ya chumba. Haya yote nilimweleza kabla hajashusha begi. Nilimwambia kinagaubaga kwamba ndiyo maana nimemwita yeye, kingekuwa chumba kilichonyooka ningefunga mwenyewe. Akanijibu, "Usijali bosi, nimeshafunga vyumba vingi."

Sasa tazameni alichofunga.

Spika ya mbele kulia kaiweka nyuma ya mlango wa stoo. Ukiufungua, unaigonga. Spika ya kati, ambayo ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote ya filamu, kaisukumia ndani kabisa ya rafu ya kabati la TV, mbao juu, mbao chini, mbao kushoto na kulia. Watu kwenye filamu wakawa wanaongea kama wameingiza vichwa kwenye ndoo. Miezi minne tunatazama filamu za lugha tunayoielewa vizuri kabisa huku tumewasha maandishi chini ya skrini!

Spika za nyuma ndizo zilizoniuma zaidi. Ya kulia kaipeleka kona ya nyuma, darini. Ya kushoto, kwa kuwa ukuta umeisha, kaipigilia pale pale ukuta unapoishia, yaani mbele ya sikio langu. Helikopta ikizunguka inaanzia nyuma kulia, halafu inarukia mbele kushoto, huku katikati hakuna kitu. Nilipomuuliza akasema, "Kule hakuna ukuta, ningefunga wapi?" Kwani spika inasikilizwa na ukuta? Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ule BS.775 ambao ndio msingi wa mpangilio wa spika tano, hauzungumzii mahali pa kupigilia misumari. Unazungumzia pembe kutoka kwa msikilizaji, ukihesabu kuanzia mbele yake katikati: za mbele nyuzi 30 kila upande, hizi za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120. Pakikosekana ukuta, weka stendi. Stendi mbili tu, za kimo kimoja, umbali mmoja kutoka kwenye kochi. Mimi nisiye fundi nimefanya hivyo kwa mchana mmoja na helikopta inazunguka.

Tuje kwenye sponji. Alikuja na maboksi manne ya sponji nyeusi za meno meno, unene sentimita 5, akabandika ukuta wa mbele wote, ukuta wa nyuma wote, na kipande cha kushoto kilichopo. Ukiingia unaona studio, na picha alizipiga nyingi sana kwa ajili ya kujitangazia. Kisha tukawasha. Ile ncha kali ya sauti, matoazi, herufi za s na t, kila kinachong'aa kikafa. Besi ikabaki inavuma vile vile kama pipa. Nikamwita, akasema sponji hazijatosha, tuongeze maboksi mawili.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri, maana uongo huu unauzwa kila mahali. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la Hz 67, yaani linalotikisika mara 67 kwa sekunde, ambalo ndilo linalovuma chumbani kwangu, lina urefu wa mita 5 na ushei. Hewa kwenye wimbi inatikisika kidogo sana pale inapogusana na ukuta, na inatikisika zaidi robo ya wimbi kutoka ukutani. Robo ya mita 5 ni karibu mita 1.3. Sponji ya sentimita 5 iliyogandishwa ukutani inalikamata wimbi hilo wapi? Haiwezi. Inafyonza masafa ya juu tu, ambayo wala hayakuwa tatizo, na ukiongeza maboksi mawili unaua yale yale yaliyokwisha kufa. Kitu kinachosaidia kwenye besi ni unene: mapande mazito ya pamba ya kioo au ya mawe, sentimita 10 hadi 15, yakisimamishwa kwenye kona na kuachiwa nafasi ya hewa nyuma. Hata hayo hayafiki chini kabisa, yanapunguza tu. Lakini yanapunguza!

Na sehemu moja iliyohitaji kufunikwa hakuigusa. Usiku nikiwasha taa, nikiwa nimekaa kwenye kochi, naiona spika ya mbele kulia ndani ya kioo cha dirisha, safi, na kile kitaa chake cha buluu. Pale ninapoiona ndipo sauti yake inapogonga na kunirudia milisekunde chache baada ya ile iliyonijia moja kwa moja. Kushoto sauti inapotelea koridoni, hairudi. Ndiyo maana sauti zote zilikuwa zinavutwa upande wa kulia. Halihitaji shahada hilo, linahitaji macho. Fundi alikaa kwenye kochi lile lile akinywa maji, dirisha liko mbele yake, akasema linapendezesha chumba liachwe.

Kuhusu besi alinifanyia jambo ambalo siwezi kumsamehe. Kochi lilikuwa mita 2.55 kutoka ukuta wa mbele, yaani katikati kabisa ya urefu wa chumba. Gawanya 343 kwa mara mbili ya mita 5.1, unapata Hz 34 hivi. Hilo ndilo wimbi la kwanza la urefu wa chumba changu, yaani mvumo wa chini kabisa unaozaliwa na sauti kwenda na kurudi kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma, na katikati ya chumba ndipo linapojifuta lenyewe. Hapo hapo wimbi la pili, lile la Hz 67, linafikia kilele. Kwa hiyo nimekaa mahali ambapo mngurumo wa chini haupo na ule wa juu yake unapiga kelele. Nilimwambia sisikii besi ya chini. Alichofanya ni kupandisha ikwalaiza, akapandisha tena, mpaka koni ya sabufa (spika ya besi) ikaanza kugonga tak, tak, tak. Ukiongeza sauti kwa desibeli 10 unaidai amplifaya nguvu mara kumi, na shimo la besi pale unapokaa halizibiki, kwa sababu unachoongeza nacho kinajifuta pale pale. Mwanangu aliyelala chumba cha pili alikuwa anaamka kwa mtikisiko wakati mimi niliyekaa mbele ya sabufa sisikii chochote. Fundi akanishauri ninunue sabufa kubwa zaidi.

Sitaki kuambiwa kwamba haya ni mambo mapya. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayasikiki kwa sababu mwangwi ulidumu zaidi ya sekunde 5. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na maikrofoni. Alikuwa na filimbi ya kinanda, saa ya kupimia, na masikio yake. Usiku, mji ukitulia, alikuwa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa maigizo wa jirani, anaipanga, anapiga filimbi, anapima sauti inachukua muda gani kufa, anaongeza mito, anapima tena. Hesabu aliyoipata inatumika hadi leo. Mtu alibeba mito usiku kucha ili apime, na wewe maikrofoni imo kwenye boksi ulilolipasua kwa mkono wako mwenyewe, unashindwa kuichomeka?

Kuna hili pia, na hapa siongelei sauti tena. Nilimuuliza hizo sponji zikishika moto inakuwaje. Akacheka. Sponji ya kawaida ya poliyurithani inashika moto upesi sana na moshi wake ni sumu. Februari 2003 kule Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji za ukutani kwenye klabu ya usiku na watu 100 wakafa. Januari 2013 mjini Santa Maria, Brazili, ikawa vile vile, watu 242. Mimi nimezungushiwa kitu hicho kuta mbili na nusu, nyaya zikipita chini yake, na watoto wanalala ng'ambo ya ukuta. Anayeuza sponji asiyeweza kukuonyesha cheti cha kuhimili moto asivuke kizingiti chako.

Nimezibandua zote. Gundi imeondoka na rangi, na sehemu nyingine imeondoka na plasta, ukuta una madoa ya miraba kuanzia chini mpaka juu.

Kwa wale mtakaouliza nimefanyaje baada ya hapo: seremala aliugeuza mlango wa stoo ufungukie stoo, kazi ya nusu siku. Hilo peke yake lilinirudishia kona ya kulia. Kochi nimelirudisha nyuma sentimita 85, sasa lipo mita 1.7 kutoka ukuta wa nyuma, na Hz 34 zimerudi bila kugusa kitufe chochote. Spika za mbele zimekaa kwa ulinganifu, zinafika nyuzi 22 hivi kila upande. Ni finyu, lakini mwongozo wa Dolby, kampuni ya mifumo ya sauti za sinema, unakubali kati ya 22 na 30. Spika ya kati nimeitoa rafuni nikaileta ukingoni kabisa mwa kabati na kuiinua kidogo ielekee masikioni. Dirishani limekuja pazia zito lenye mikunjo mingi, limeachwa mbali kidogo na kioo.

Sabufa ndiyo iliyonichosha. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya spika ya Harman, alionyesha mwaka 2002 kwamba sabufa mbili zikikaa katikati ya kuta zinazotazamana zinasawazisha besi vizuri, lakini hesabu zake ni za chumba cha pembe nne kilichofungwa, na changu kimetoboka ubavuni. Basi nikafanya ile njia ya zamani: nikaibeba sabufa nikaiweka juu ya kochi, mahali ninapokaa, nikapiga besi inayopanda na kushuka taratibu, kisha nikatambaa kwa magoti kuzunguka chumba kizima huku kichwa kikiwa karibu na sakafu. Kwenye kona ya stoo, ambako fundi alikuwa ameiweka sabufa, besi ilivuma mpaka meno yakasikia. Chini ya dirisha, kama theluthi ya urefu wa chumba, kila noti ilikuwa sawa na mwenzake. Nikaiweka hapo. Halafu ndipo nikaitoa ile maiki kwenye nailoni, nikapima nafasi sita kuzunguka kochi, nikaiachia risiva ipunguze vilele vilivyobaki, yaani noti zinazovuma kupita kiasi. Kwa kupunguza vilele inafaa sana. Kuziba mashimo haiwezi, na fundi yeyote anayekwambia inaweza, mwonyeshe mlango.

Bado kuna bonde dogo kwenye Hz 50 ambalo nadhani linatokana na upana wa chumba, ingawa uwazi wa kushoto unaivuruga hesabu. Aliyewahi kuwa na chumba kilichofunguka ubavuni kama hiki anisaidie: ulisimamisha pande kubwa la pamba pale kwenye uwazi, au uliongeza sabufa ya pili? Naomba mwenye vipimo, si mwenye kuhisi. Na tafadhali, asije mtu kuniambia tatizo ni chumba. Najua ni chumba. Nilimlipa mtu kwa sababu ni chumba.

Leo asubuhi amenipigia anadai salio lake. Nimemwambia aje na mwiko, plasta na rangi, ukuta urudi kama alivyoukuta, na sponji zake zote ziko nje kwenye mifuko, azichukue. Akasema atafikiria. Mpaka muda huu ninaoandika hajatokea.