Naomba ushauri: kumbukumbu za vifaranga wa broila

Wakuu habari za kazi. Nasimamia mashine za kutotolesha vifaranga wa broila hapa Kibaha. Mayai tunanunua kwenye mashamba tofauti ya kuku wazazi, ila daftarini tunaandika mayai yaliyoingia na vifaranga waliotoka, basi. Asilimia ikishuka, lawama zote kwa fundi wa jenereta, hata kama umeme haukukatika.

Nataka nifuatilie kila mzigo mpaka mwisho: shamba, umri wa kuku, kumulika mayai kwa tochi siku ya 10 kuona yenye mbegu, kuhamishia mashine ya kuangulia siku ya 18, kisha siku ya 21 kupasua yasiyoanguliwa kuona yaliishia wapi. Yai lisilo na mbegu, tumuulize mwenye majogoo. Kifaranga aliyetoboa ganda akafia humo, mara nyingi ni kosa letu: joto au unyevu. Ukiyajumlisha pamoja hujui umdai nani.

Kikwazo ni siku ya 18. Mayai yakishamiminwa kwenye vikapu, alama za trei zimekwisha. Wenzangu mnatenganishaje? Na wale vifaranga wawili wa nyongeza anaopewa mteja kwenye boksi la 100 mnawaandika kama mauzo au hasara? Kama kuna programu ya simu inayofanya kazi bila intaneti nitashukuru, maana vijana wa zamu ya usiku kompyuta hawaigusi.