Kisima kikiisha gesi, kizibwe kwa saruji tu?

Wana Tanga, na ndugu zetu wa Bagamoyo ambako gesi ya Ruvu ilitangazwa 2016, naomba tujadili. Kisima kikimaliza kazi hujazwa saruji sehemu kadhaa ndani ya mabomba yake, kisha hukatwa juu na kufukiwa. Siku hizi wapo wanaotaka vikubaliwe vitu vingine: udongo wa bentonaiti, aloi za bismathi (metali nzito iliyochanganywa na nyingine), hata gundi za viwandani. Mimi nasema vikubaliwe, ila aliyeziba abaki na dhamana. Asikabidhi karatasi akapanda ndege.

Mwashi wa Makorora: Saruji inatoka hapahapa Pongwe. Majengo ya mkoloni bado yamesimama. Madini ya bei mbaya ya nini?

Mhandisi: Kaka, saruji ya nyumba siyo ya kisimani. Ya kisimani hutengenezwa kwa vipimo vyake, maana kule chini kuna joto, chumvi na shinikizo. Hata hiyo ina kasoro: ikiganda husinyaa kidogo, na bomba likipata joto kisha likapoa, saruji haifuati, inaachana nalo. Mwanya mwembamba kuliko unywele unaitosha gesi kupanda. Bismathi ni kinyume chake. Huyeyuka kwenye nyuzi 271 za Selsiasi, na ikiganda hutanuka kwa asilimia 3 hivi, ikalibana bomba. Bentonaiti nayo ikilowa hufura, ikipata ufa hujiziba yenyewe. Imeshatumika Australia na California, ila usiipeleke penye shinikizo kubwa.

Mwashi wa Makorora: Na bei?

Mhandisi: Bismathi ni ghali, sikatai. Lakini huhitaji kujaza mita nyingi kama saruji.

Binti Bagamoyo: Saruji ndiyo iliyoshindwa kwenye kisima cha Deepwater Horizon, ule mtambo wa kuchimba mafuta baharini Marekani uliolipuka Aprili 2010. Watu 11 walikufa. Bado mnaitetea?

Mhandisi: Dada, soma uchunguzi wake. Ilikuwa saruji iliyotiwa povu la naitrojeni, na vipimo vya maabara vilikuwa vimeshaonyesha mchanganyiko hautulii. Wakaumwaga hivyohivyo. Ungewapa hata bismathi wangeiharibu.

Mleta mada: Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tunabishania mfuko wa saruji wakati swali ni nani anapima, na nani analipa pakivuja. Marekani 2021 walitenga dola bilioni 4.7 kuziba visima ambavyo wenyewe hawapatikani tena. Hizo ni kodi za wananchi. Kwetu Sheria ya Petroli ya 2015 imeweka utaratibu wa mfuko wa kuondolea mitambo, jambo jema, ila fedha zisiachiliwe siku kisima kinapofukiwa.

Mvuvi wa Chongoleani: Shikamooni wakubwa. Kwanza tuwekane sawa, maana nasikia watu mjini wanasema Chongoleani kuna visima. Hakuna. Ni matangi na gati, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Visima viko hukohuko Uganda, kwenye miradi ya Tilenga na Kingfisher. Pemba ndiyo waliwahi kuchimba, kabla ya Mapinduzi. Nani leo anakwenda kupima kile?

Mhandisi: Marahaba. Umegusa penyewe. Ukishakata bomba na kufukia, huna pa kufunga geji ya kupima shinikizo.

Mleta mada: Basi kisikatwe haraka. Kizibwe kwa chochote kilichopita maabara isiyo ya mkandarasi, kiachwe na geji juu yake miaka kadhaa, PURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, wasome wenyewe. Shinikizo lisipopanda, ndipo kikatwe na fedha zirudi.

Binti Bagamoyo: Nchi kavu naafiki.

Mvuvi wa Chongoleani: Na baharini je? Kichwa cha kisima kikisubiri miaka yote hiyo, kinachana nyavu zetu. Fidia ya nyavu inatoka mfuko gani?