Ritalin na sigara: moyo unanienda mbio

Wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka 31, tangu mwezi wa tatu natumia Ritalin ya miligramu 10 asubuhi na mchana kwa ajili ya ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu). Kichwa kimetulia, hata risiti za duka sasa nazipanga. Shida ni sigara: dawa ikikolea, mkono unatafuta kiberiti wenyewe. Juzi nilivuta mbili mfululizo na chai ya rangi, nikahesabu mapigo 118 kwa dakika, nimekaa tu kwenye kigoda! Najua nikotini na dawa hii vyote hupandisha mapigo na presha. Daktari sikumwambia navuta, niliona aibu. Nitamwambia kliniki ijayo. Aliyepitia hili, uliacha sigara kwanza au ulipunguziwa dozi? Na vibandiko vya nikotini je? "Acha tu" nimeshaambiwa na mke wangu.