Fraktali zifundishwe sekondari, au ni picha za kupendeza tu?

Mleta mada: Wakuu, kuna hoja inayorudi kila mara: fraktali, yaani maumbo ambayo kila kipande chake hufanana na umbo zima, ni michoro ya kompyuta isiyo na kazi kwa mwanafunzi ambaye hata logi (logarithm) zinamshinda. Napinga, tena kwa nguvu. Zifundishwe, na rula itangulie kompyuta.

Chukueni umbo la mwanahisabati Helge von Koch la mwaka 1904. Chora pembetatu yenye pande sawa. Kila upande ugawe vipande vitatu sawa, futa kipande cha kati, na mahali pake weka viwili vya urefu uleule vinavyochomoza nje. Rudia kwa kila kipande kipya. Kila hatua mzingo unazidishwa kwa 4/3, kwa hiyo unakua bila mwisho, ilhali eneo halivuki kamwe 8/5 ya lile la pembetatu ya mwanzo. Mwanafunzi aliyekokotoa hayo kwa mkono wake ameshakutana na mfuatano wa kijiometri na dhana ya kikomo. Logi nayo haiko mbali: kila kipande kinazaa 4, kila kimoja theluthi ya urefu wa awali, logi ya 4 ukigawanya kwa logi ya 3 unapata takriban 1.26, namba inayoitwa dimensheni ya umbo, yaani kiasi linavyojaza nafasi. Mstari ulionyooka una 1, eneo bapa lina 2. Umbo hili limekaa katikati!

Na namba hiyo ina kazi. Mwanasayansi Lewis Fry Richardson aligundua kwamba kadiri unavyopima kwa hatua fupi, ndivyo urefu wa pwani unavyoongezeka. Mwaka 1967 mwanahisabati Benoit Mandelbrot alizitumia data zake, na pwani ya magharibi ya Britain ikapata takriban 1.25. Ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kutaja urefu tofauti wa pwani moja na vyote vikawa sahihi.

Mchangiaji: Hesabu nimeielewa, mkuu, ila watetezi wa fraktali mnatia chumvi. Mawingu fraktali, mito fraktali, mishipa fraktali! Mwaka 1998 mtafiti David Avnir na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba tafiti nyingi zenye madai hayo zilipima masafa finyu mno: kwa wastani, kipimo kikubwa zaidi kilikuwa takriban mara 20 tu ya kipimo kidogo zaidi. Ubanaji wa picha kwa fraktali, yaani kupunguza ukubwa wa faili zake, nao ulivuma miaka ya 1980, lakini mbinu ya JPEG ndiyo iliyoshika soko. Mtaala umejaa tayari. Utaondoa nini?

Mleta mada: Hoja ya Avnir naikubali, na ningeifundisha katika kipindi hichohicho. Umbo la Koch hujirudia milele. Mti hukoma kwenye kijiti. Lakini hatua chache zinatosha kuleta faida. Njia za hewa kwenye mapafu hugawanyika mbilimbili takriban mara 23, na hivyo ndivyo eneo la makumi ya mita za mraba linavyoenea kifuani. Antena zilizokunjwa kwa kanuni hii hunasa masafa kadhaa ya mawimbi ya redio zikiwa ndogo. Kuhusu JPEG uko sahihi, kubana kwa fraktali kulikuwa kwa polepole sana.

Mtaala hauhitaji somo jipya. Mfuatano na logi vimo tayari. Nabadilisha mifano tu. Sasa wanaopinga mniambie: ni mfano gani mwingine wa logi ambao mwanafunzi anaweza kuuchora mwenyewe, kisha akaenda nao kwenye ramani halisi na kupima?