Gari linajishika breki lenyewe kwenye kona: pampu, sensa, fyuzi, au niuze?

Mama wa Buhongwa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Nina gari la Kijapani la siti saba, la mwaka 2008, la petroli ya kawaida, si haibridi. Kila Ijumaa navuka kutoka Mwanza kwenda Sengerema kwa mama mzazi, nikiwa na watoto watatu nyuma. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimeshapita Usagara, kwenye kona ya kushoto, mwendo kama 70, gari likajishika breki lenyewe. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta. Mlio ukalia, ile taa ya kigari chenye michirizi ikawa inapepesa, usukani ukavutwa kulia, halafu kimya. Hata sekunde mbili hazikufika.

Nyuma yangu kulikuwa na Hiace imejaa abiria. Dereva wake alikwepa mpaka nje ya lami. Alinisimamisha mbele akaniuliza kwa nini nafunga breki wakati taa zangu za nyuma haziwaki. Sikuwa na jibu. Nilikaa pembeni nusu saa nzima, watoto wananiuliza kwa nini hatuondoki.

Tangu siku hiyo imerudia mara mbili. Zote kona ya kushoto. Barabara iliyonyooka haijawahi.

Nimezungukia mafundi watatu, kila mmoja na lake:

Wa kwanza anasema pampu ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) imekufa, tuagize ya mtumba kutoka Dar, milioni moja na laki mbili pamoja na kutoa upepo kwenye breki. Wa pili anataka nibadilishe sensa, yaani vipima mwendo, za magurudumu yote manne. Wa tatu anasema achomoe fyuzi, elfu kumi, nisahau habari hiyo. Nyumbani shemeji anasema niuze haraka, gari linatembea vizuri na mnunuzi hatajua.

Nielekezeni. Ijumaa inakuja.

Dereva wa Nyakato

Dada pole sana. Langu lilikuwa linatetema kanyagio kila nikikaribia kusimama, hasa kwenye mteremko wa Mabatini. Nilichomoa fyuzi ya ABS, sasa ni miezi minane na breki zinashika. Taa mbili zinawaka kwenye dashibodi, basi. Zamani magari hayakuwa na mambo hayo na tulifika Musoma na kurudi. Kwa hela uliyotajiwa mimi ningechomoa.

Fundi Umeme Igoma

Dada, kwanza Ijumaa usiende na gari hilo. Panda basi, mama atakuelewa.

Pili, umetuambia jambo kubwa bila kujua: taa ilikuwa *inapepesa*. Kwenye magari mengi ya Kijapani taa hiyo ikiwaka ikaganda, mfumo umejiona mbovu na umejizima. Ikipepesa pamoja na mlio, mfumo unafanya kazi, unapiga breki kwa makusudi kwa sababu umeamini gari linateleza. Yaani kompyuta ilitoa amri na pampu ikatii. Sasa pampu iliyotii amri unaibadilisha kwa kosa gani?

Nieleze kidogo, maana wengi wanauziwa spea kwa kutoelewa hapa. Kompyuta ya VSC, yaani mfumo wa kuzuia gari kuteleza, inalinganisha vitu viwili: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi. La kwanza inalipata kwenye sensa ya usukani. La pili inalipata kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa sakafuni, mara nyingi katikati ya siti za mbele, kinachopima gari linazunguka kwa kasi gani na linasukumwa upande gani. Sensa za magurudumu zinaongeza habari ya mwendo. Vikipishana sana, kompyuta inashika gurudumu moja kulirudisha gari kwenye mstari. Wewe ulikata kushoto, ukavutwa kulia. Maana yake ilidhani gari limezunguka kupita ulivyotaka, ikashika gurudumu la mbele kulia.

Kisanduku kikisema uongo, kompyuta inafanya kosa kwa nia njema.

Na taa za nyuma? Kwenye magari mengi ya umri huo swichi yake iko kwenye kanyagio. Mguu usipokanyaga, taa haziwaki, hata gurudumu likishikwa vipi. Yule wa Hiace alisema kweli.

Ndugu wa Nyakato, lako ni ugonjwa mwingine. Kanyagio kutetema mwishoni kabisa mwa kusimama ndiyo dalili ya sensa ya gurudumu au hubu (kitovu cha gurudumu chenye beringi). Sensa imejaa vumbi la chuma au beringi imelegea, mwendo mdogo inapoteza hesabu, ABS inadhani gurudumu limefunga. Hiyo mara nyingi inaisha kwa kusafisha sensa au kubadilisha hubu moja. Na ulichopoteza si taa mbili tu. Kwenye gari lako mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma unasimamiwa na kompyuta hiyohiyo. Ukiwa peke yako, nyuma kwepesi, mvua imenyesha, ukikanyaga kwa nguvu magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kwanza, na gari linageuka mkia mbele. Miezi minane hujakanyaga kwa nguvu kwenye mvua, ndiyo maana hujaona.

Mwenye haibridi ya siti nyingi anayesoma hapa: asiguse fyuzi hizo hata kidogo. Estima Hybrid kwa mfano, breki zake zinaendeshwa kwa umeme. Hapo unacheza na breki yenyewe.

Mwalimu Pasiansi

Naongezea kwa sababu shemeji atasema haya ni mawazo ya dereva mwanamke, na fundi wa kwanza atasema kompyuta haikosei.

Novemba 2013 huko Marekani Honda iliyaita yarudi magari ya Odyssey takriban 344,000, ya mwaka 2007 na 2008, kwa tatizo linalofanana sana na hili. Programu ya mfumo wa kuzuia kuteleza iliweza kushindwa kusawazisha sensa vizuri, shinikizo likajijenga kwenye breki, na gari likafunga breki ghafla na kwa nguvu bila taa za nyuma kuwaka. Wakati spea zinasubiriwa, wenye magari waliambiwa wakiwasha wakaona taa ya mfumo imebaki, wazime na kuwasha tena ili gari lirudie kujisawazisha.

Angalizo kwa wenye Odyssey za hapa: ile ya Marekani ni gari jingine kubwa zaidi, usukani kushoto, si hii tunayoagiza Japani. Msije mkaanza kuogopa magari yenu kwa jina tu. Nimelitaja ili dada ajue kwamba gari linaweza kufunga breki lenyewe na dereva asiwe na kosa.

Binti wa Kirumba

Mimi nazungumzia la kuuza. Dada, ukiuza umwambie mnunuzi. Tafadhali. Mwaka juzi nilinunua gari ambalo mwenyewe alijua breki zina shida, akanyamaza, nikaja kujua nikishuka Bugando nikiwa na mdogo wangu mjamzito. Hakuna aliyeumia, lakini sauti ya mdogo wangu siku ile sijaisahau. Atakayenunua kwako naye atapakia watoto.

Mzee wa Kivukoni

Kuna kitu kimoja nataka kukiweka sawa. Kwa wenye magari mapya zaidi yenye kamera kwenye kioo au rada mbele, breki ya ghafla inaweza kutoka huko wala si kwenye VSC. Dalili zake ni tofauti: hutokea hata barabara iliyonyooka, mara nyingi kuna kitu mbele, na dashibodi huandika onyo la kugonga. Ukibadilisha kioo cha mbele bila kamera kupangwa upya, anza kushuku hapo. Magari mengi ya 2008 kama la dada hayana.

Nauliza pia: tairi zote nne ni saizi moja? Na kalipa, ile inayobana pedi za breki, haijaganda? Gusa rimu baada ya safari, usizichome vidole, moja ikiwa ya moto kuliko nyingine una breki inayoshika muda wote.

Mama wa Buhongwa

Asanteni sana. Nimesoma maneno ya Binti wa Kirumba mara tatu. Siuzi kimyakimya.

Mzee wangu, tairi ni saizi moja, zote nilinunua pamoja. Rimu zina joto sawa, nimegusa leo baada ya kutoka Mkolani.

Fundi, kama si pampu na si magurudumu, basi nikapime wapi?

Fundi Umeme Igoma

Kabla ya kupima, nijibu swali moja: gari lilifanyiwa nini mwezi mmoja kabla ya siku ile? Chochote. Alaimenti, tairodi, betri, redio, hata kuoshwa.

Mama wa Buhongwa

Alaimenti hapana. Betri ni ileile.

Lilioshwa ndani. Nilibeba sangara wa harusi kutoka mwaloni wa Kirumba, barafu ikayeyuka ikamwagika katikati, gari likanuka siku nne. Vijana wa kuosha walitoa siti za mbele na lile boksi la kuwekea vikombe, wakavua zulia likaanikwa siku mbili. Sikuona kama ni jambo la kutaja.

Fundi Umeme Igoma

Dada, hilo ndilo lilikuwa jambo la kutaja.

Kisanduku ninachokisema kinakaa chini ya zulia hilo, chini ya boksi hilo la vikombe. Kinafungwa kwa bolti na kina mshale unaoonyesha mbele. Kikilegea, kikiinuka upande mmoja, au maji ya barafu yakiingia kwenye soketi yake, unapata ulichopata.

Njoo, lakini uje na gari tupu na mwendo wa pole. Kama lina kitufe cha VSC, gari likiwa limesimama kibonyeze ukishikilie mpaka taa ya kuzimwa ibaki inawaka. Si magari yote kinazima kila kitu, lakini kwa safari fupi ni bora kuliko fyuzi kwa sababu ABS inabaki.

Na usikubali mtu akuchaji spea yoyote kabla hajakuonyesha namba kwenye mashine, injini inaunguruma na gari limesimama. Simaanishi kusoma kodi, yaani namba za hitilafu, peke yake. Kodi inaweza isiwepo, kwa sababu mfumo haujui kwamba unadanganywa.

Mama wa Buhongwa

Narudi baada ya siku kumi na mbili, mnisamehe kwa kimya.

Kodi haikuwepo hata moja. Fundi alifungua ukurasa wa namba, gari limesimama. Kipimo cha kusukumwa pembeni hakikuwa sifuri kama kilivyotakiwa, na alipopiga sakafu kwa ngumi namba za mzunguko ziliruka kama gari linakata kona. Tukavua zulia. Kisanduku kilikuwa kimeshikwa na bolti moja, ya pili haipo, na chini yake kulikuwa na kipande cha sponji ya zulia kilichokiinua upande. Soketi ilikuwa na kutu ya kijani kwenye pini mbili.

Alisafisha pini, akaondoa sponji, akafunga bolti mbili. Halafu akakataa kusawazisha pale gerejini kwake, akasema sakafu yake ina mteremko, na gari likifundishwa sifuri likiwa limeinama litabeba uongo huo kila kona. Jamani Mwanza hii yenye mawe na vilima, kupata pahali pa usawa ni kazi. Tuliishia kwenye sakafu ya sementi ya godauni moja, akaweka pimamaji la waashi mbele na pembeni, usukani umenyooka, hakuna mtu ndani, mlango haufungwi wala kufunguliwa mpaka amalize. Namba zikakaa sifuri.

Tulienda kujaribu wawili tu, bila watoto, kwenye kona ileile ya Usagara, mara sita kwenda na kurudi, tukianza na 40. Kimya. Jumamosi nikavuka daraja la Kigongo peke yangu mpaka Busisi na Sengerema. Kimya. Ijumaa hii nilipakia watoto. Mikono ilikuwa inatoka jasho tulipofika ile kona, lakini gari lilipita kama zamani.

Gharama yote, kazi na bolti, elfu themanini. Hela ya pampu niliyokuwa nimekopa kikoba nimeirudisha ilivyo. Yule dereva wa Hiace natamani nimpate nimwombe radhi, sikushika hata namba ya gari lake.

Mzee wa Kivukoni

Mungu ashukuriwe. Mimi bado ningetazama pini hizo tena mvua zikianza, kutu ya kijani ina tabia ya kurudi.

Dereva wa Nyakato

Nimerudisha fyuzi jana usiku. Kanyagio bado linatetema, na taa ya ABS ikawaka tena baada ya kilomita chache. Fundi, Jumamosi upo?

Fundi Umeme Igoma

Nipo. Njoo asubuhi kabla hakujawa na foleni Buzuruga. Usinunue hubu njiani, tuangalie kwanza ni gurudumu lipi. Na mpaka hapo ukiendesha, acha nafasi mbele yako mara mbili ya ulivyozoea.